Ile grisi ya kibodi yako ilianzia kwa bomu

Kama umewahi kupotelea kwenye zile video za watu wanaofungua kibodi za kuchezea gemu, wanatoa swichi moja moja na kuzipaka grisi nyeupe kwa burashi ndogo kama ya rangi ya kucha, basi Krytox ushaiona. Inauzwa kwa vichupa vya mililita chache, na ukipiga hesabu ya bei kwa kila gramu utakaa chini. Inapakwa ndio kibodi itoe ule mlio mzito, wa kushiba, badala ya kelele za bati. Wengi wenu mmeniuliza kama ni lazima. Si lazima. Lakini mimi nilishikwa na swali lingine: kwa nini grisi ya bei hiyo ipo duniani kabisa? Nani alikaa chini akaamua mafuta ya kawaida hayatoshi?

Jibu lilinipeleka kwa bomu la atomiki, na kabla ya bomu, kwa mgodi mmoja wa Kongo katika sehemu ambayo Kiswahili ndicho lugha ya kazi mpaka leo.

Mimi si mkemia. Chuo niliacha, hiyo stori mnaijua, na hata huko sikuwa nasoma kemia. Lakini hii si ngumu, nifuate tu. Mafuta ya kawaida, kama oili ya gari, ni minyororo ya kaboni iliyozungukwa na haidrojeni. Haidrojeni inang'oka. Joto linaing'oa, oksijeni inaing'oa, klorini inaing'oa. Ndio maana oili ya matatu inageuka nyeusi na fundi anakwambia ubadilishe. Sasa toa haidrojeni yote, weka florini mahali pake. Kifungo cha kaboni na florini ni kati ya vile imara kabisa vinavyojulikana kwa kemia ya kaboni, halafu zile atomi za florini zinajipanga nje ya mnyororo kama mabati yaliyozunguka ploti. Kitu kinachotaka kuingia kushambulia kaboni kinakosa mlango. Unapata oili ambayo haishiki moto, haiyeyuki kwa petroli, haijali asidi, na ni nzito karibu mara mbili ya maji.

Hii familia ya vitu ilianza kwa bahati. Tarehe 6 Aprili 1938, kwenye maabara ya kampuni ya DuPont huko Deepwater, New Jersey, Marekani, kijana wa miaka 27 anayeitwa Roy Plunkett alikuwa anatafuta gesi mpya ya friji. Alifungua mtungi mdogo wa gesi, hakuna kilichotoka. Kuupima kwenye mizani, uzito ni ule ule, kumaanisha kitu bado kimo ndani. Yeye na msaidizi wake Jack Rebok wakaukata kwa msumeno. Ndani wakakuta unga mweupe, unaoteleza, ambao hakuna asidi wala kiyeyushi walichokuwa nacho kiliweza kuufanya kitu. Baadaye dunia iliuita Teflon. Wewe unaujua kwa kikaango kisichoshika mayai, lakini vikaango vilikuja nyuma sana. Mteja wa kwanza wa maana alikuwa vita. Shika hilo jina Deepwater, tutarudi.

Kutengeneza bomu la urani kuna shida moja kubwa. Urani inayotoka ardhini karibu yote ni aina moja, na ile aina inayotakiwa, urani 235, ni kama asilimia 0.7 tu. Zote mbili ni urani, kemia yao ni sawa, tofauti ni uzito kidogo sana. Njia mojawapo ya kuzitenganisha ni kuigeuza urani iwe gesi, uisukume kupitia vizuizi vyenye vitundu vidogo mno, ile nyepesi ipite haraka kidogo kuliko nzito, halafu urudie. Na urudie. Maelfu ya mara. Gesi yenyewe ni urani iliyounganishwa na florini sita, na ni gesi ya vurugu. Ikikutana na unyevu inatoa asidi. Ikikutana na grisi ya kawaida inaila. Sasa fikiria jengo zima la pampu na mabomba, umbo lake kama herufi U, kila upande urefu wa karibu nusu maili, na ndani yote inapita hiyo gesi. Jengo hilo lilikuwepo: K-25, Oak Ridge, jimbo la Tennessee. Ukipaka beringi au vali zake oili ya dukani na gesi ikaifikia, umeharibu kiwanda.

Hapo ndipo tunafika Katanga. Mgodi unaitwa Shinkolobwe, na ulikuwa mali ya Union Minière, kampuni ya Wabelgiji. Mawe ya kule yalikuwa na urani kwa kiwango ambacho hakikuwa kwingine: mengine yalifika asilimia 65, wakati migodi mingi duniani ilikuwa inafurahia chini ya asilimia moja. Mwaka 1940, mkurugenzi wa kampuni hiyo, Edgar Sengier, akiogopa Wajerumani, alisafirisha kama tani 1,200 za mawe hayo hadi ghala la Staten Island, New York. Yakakaa huko hadi Septemba 1942, afisa wa jeshi la Marekani, Kenneth Nichols, alipoingia ofisini kwake kuulizia urani, akaambiwa iko tayari, ni kusaini tu. Sehemu kubwa ya urani ya mradi wa bomu ilitoka kwa mgodi huo.

Vitabu vingi vinampa Sengier kurasa, na kwa haki, alikuwa mjanja. Lakini kuna Waafrika waliochimba hayo mawe na kuyapakia, na Kiswahili kilikuwa ndio kinaenea kuwa lugha ya kambi za wafanyakazi wa migodi ya Katanga. Mradi ulikuwa wa siri, kwa hivyo hakuna aliyewaambia wanabeba nini wala kinaenda kufanya nini. Mimi nikisoma hii historia natafuta majina yao na sipati. Napata la Sengier, la Nichols, la kampuni. Hii imeniuma kuliko ile kemia yote.

Rudi kwa pampu. Kulikuwa na profesa wa chuo cha jimbo la Pennsylvania, Joseph Simons, ambaye alikuwa ametengeneza vimiminika vya kaboni na florini bila haidrojeni hata moja. Mwaka 1940 alimpa Harold Urey wa Columbia kiasi kidogo, kama kijiko cha chai hakijajaa. Wakakipima mbele ya ile gesi ya vurugu. Gesi ikakosa pa kukishika. Wale jamaa wakakiita kwa siri "kitu cha Joe". Kuanzia hapo viwanda na vyuo vikaambiwa vitoe vimiminika vya kupoza, mipira ya kuzuia kuvuja, oili na grisi, zote za florini, na kwa haraka. William Miller na wenzake wakatoa nyingine zilizokuwa na klorini kidogo ndani. Hapo ndipo vilainishi vya florini vilipoacha kuwa mchezo wa maabara. Vilizaliwa kwa sababu mtu alihitaji mafuta ya kukaa na gesi ya Shinkolobwe bila kufa. Agosti 6, 1945, urani ya mradi huo ilianguka Hiroshima.

Na Deepwater je? Kiwanda cha DuPont pale kilifanya kazi za florini na za urani kwa ajili ya huo mradi. Mwaka 1944 wakulima wa matunda ya pichi waliokuwa upande ambao upepo ulielekea walilalamika kwamba mazao yao yameungua na ng'ombe wao wameharibika miguu. Vita vilipoisha wakaishtaki kampuni. Kumbuka hawa walikuwa Wamarekani, wazungu, wenye mashamba na mawakili. Hata wao waliambiwa mwisho.

Baada ya vita ilibaki shida ya kiufundi. Oili za kizazi cha kwanza zilikuwa ngumu kuua, lakini tabia yao ilikuwa mbaya: kwenye baridi zinaganda kama mafuta ya ng'ombe, kwenye joto zinakuwa maji. Mnyororo wa kaboni tupu uliojazwa florini ni mgumu kama fimbo. Dawa ilikuwa kuingiza atomi ya oksijeni katikati ya mnyororo kila baada ya hatua chache. Oksijeni inafanya kazi ya bawaba ya mlango, mnyororo unajikunja vizuri, na mabati ya florini yanabaki nje. Miaka ya 1960 DuPont ilikuwa na oili ya namna hiyo ikiitwa PR-143, ambayo baadaye ndiyo tunaijua kama Krytox. Waitaliano wa Montedison wakatengeneza ya kwao kwa njia tofauti, ya mwanga wa urujuanimno, wakaiita Fomblin. Kuna aina zinazotiririka kwenye nyuzi 60 chini ya sifuri, na kuna zinazofanya kazi kwenye joto linalopita nyuzi 250.

Inatumika wapi? Anza na oksijeni, juu hapo hakuna mchezo. Enda jua kali, muulize fundi yeyote wa kuchomelea kwa gesi kitu cha kwanza alichofunzwa. Atakwambia usiguse geji ya mtungi wa oksijeni na mikono yenye grisi. Oksijeni safi yenye presha ikikutana na mafuta ya kawaida, si lazima kuwe na cheche. Kufungua vali haraka kunatosha kuleta joto, na mafuta yanalipuka. Sasa zile vali za mitungi, za mabomba ya oksijeni hospitalini, za mitambo inayotenganisha oksijeni na hewa, zote zina sehemu zinazosuguana. Zinahitaji kulainishwa na kitu. Kitu hicho mara nyingi ni oili ya florini, kwa sababu haina cha kuungua. Ukikumbuka vile tulitafuta oksijeni wakati wa korona, utaelewa kwa nini siwezi kuandika hapa kwamba hii oili ni shetani.

Halafu kompyuta. Diski ngumu, zile za kuzunguka, zinazunguka hata mara 7,200 kwa dakika, na kichwa cha kusoma kinaelea juu yake kwa umbali wa nanomita chache. Kinachozuia kichwa kisiparuze data yako ni utando wa oili ya florini wenye unene wa kama nanomita moja. Moja. Na chipu za simu yako zinachongwa kwa gesi kali ndani ya vyumba ambavyo hewa imenyonywa, na pampu za kunyonya hizo gesi zikitumia oili ya kawaida zinageuka tope. Hapo pia ni florini. Setilaiti vilevile: kule juu mafuta mengi yanajipukia tu na kutoweka, haya yanabaki kwenye beringi.

Si kwamba hayana adui. Chuma kikisuguana kikavu kikavu, florini kidogo inaachia, inaungana na chuma, na ule mchanganyiko unaanza kukatakata mnyororo wa oili yenyewe. Watu wa setilaiti wanalijua hilo vizuri. Na ukiyapasha joto kupita kiasi yanatoa moshi wenye sumu. Ndio maana watengenezaji wanaonya usivute sigara ukiwa nayo mikononi. Wasee wa kibodi, hiyo ni yenu.

Sasa tufike penye maneno. Watu wa hizi kampuni hupenda kusema oili yenyewe ni salama: molekuli ni kubwa, haiyeyuki kwenye maji, haiingii mwilini kirahisi. Kwa hapo sina ugomvi nao. Lakini oili inazaliwa mahali, na mimi naangalia uzazi wake. Krytox hujengwa kwa kuunganisha vipande vya kemikali moja inayofupishwa HFPO, kipande kwa kipande. Ukiunganisha vipande viwili tu ukaishia hapo kwa namna fulani, unapata asidi ndogo inayopenda maji, ile inayojulikana kama GenX. Juni 2017 wakazi wa Wilmington, North Carolina, walisoma kwenye gazeti lao kwamba GenX imo kwenye maji wanayokunywa, kutoka mto Cape Fear, chini ya kiwanda cha Fayetteville cha Chemours, kampuni iliyomegwa kutoka DuPont mwaka 2015. Kampuni ikaeleza kwamba kemikali hiyo ilikuwa ikitoka kama zao la pembeni tangu 1980. Miaka thelathini na saba! Mtoto amezaliwa, akasoma, akaoa, akilea wake kwa maji hayo hayo.

Na ule weupe wa grisi? Oili yenyewe ni angavu kama maji. Weupe ni unga wa Teflon, unaotiwa ili oili iwe nzito. Kwa miongo mingi Teflon ilitengenezwa kwa msaada wa kemikali ingine, PFOA. Hiyo kesi wengine mnaijua kwa ile sinema ya 2019, Dark Waters. Mfugaji wa West Virginia, Wilbur Tennant, ng'ombe wake wanakufa, mwaka 1998 akamtafuta wakili Rob Bilott. Nyaraka zikatoka mahakamani kuonyesha kwamba mwaka 1984 DuPont ilikuwa imepima maji ya bomba ya majirani wa kiwanda chake, ikaikuta PFOA humo, na haikuwaambia. Damu ya watu kama 69,000 ikachukuliwa, na kufikia 2012 jopo la wanasayansi likaihusisha na magonjwa sita, ikiwemo saratani ya figo na ya korodani. Mwaka 2017 kesi zaidi ya 3,500 zikamalizwa kwa dola milioni 671.

Unaona kitu? Sifa iliyofanya profesa Simons ashangiliwe mwaka 1940, kwamba hakuna kinachoweza kuivunja, ndiyo hiyo hiyo inayofanya mto usijisafishe. Bakteria hawaili. Jua haliivunji. Wanaita hizi kemikali za milele, na si matusi, ni maelezo ya bidhaa. Walioagiza waliagiza hicho hasa.

Nilisema tutarudi Deepwater. Agosti 2025, jimbo la New Jersey lilitangaza makubaliano na DuPont, Chemours na kampuni dada kuhusu uchafuzi wa viwanda vinne, na kiwanda cha pale kikiwemo. Jimbo lilisema thamani yake inafika dola bilioni 2. Ni ile ile sehemu mtungi wa Plunkett ulikatwa kwa msumeno, ile ile ya wakulima wa pichi, na ndipo Krytox imekuwa ikitengenezwa. Shinkolobwe haijapata barua yoyote. Mgodi ulifungwa rasmi mwaka 2004, na mwaka huo huo sehemu yake ikaporomoka na kuua wachimbaji wadogo waliokuwa wakifuata kobalti.

Huko Ulaya, nchi tano zilipendekeza mwaka 2023 kwamba familia nzima ya hizi kemikali, karibu aina 10,000, ipigwe marufuku isipokuwa pale ambapo hakuna mbadala. Watengenezaji wa vilainishi wakakimbilia kuomba wasamehewe. 3M, ambao walinunua njia ya Simons baada ya vita, walitangaza Desemba 2022 kwamba wanajitoa kabisa kwa hiyo biashara. PFOA iko kwenye mkataba wa Stockholm tangu 2019, na Kenya ni mwanachama.

Msimamo wangu ni huu, na najua wengine mtanirarua. Vali ya oksijeni, ipewe. Pampu ya kiwanda cha chipu, ipewe, lakini kiwanda kilipie kukusanya kila tone na kulichoma mahali panapofaa, si kumwaga. Setilaiti sawa. Kibodi ya kutoa mlio mzuri? Hapana, bana. Najua ni kiasi kidogo, najua kichupa kimoja hakiui mto, na kuna grisi za silikoni na za mafuta mengine zinafanya hiyo kazi vizuri. Kampuni zinapenda tujadili kichupa juu ni kidogo. Mimi nataka tujadili kiwanda kilichotoa kichupa.

Na kuna swali la hapa nyumbani ambalo sijaona mtu akiliuliza. Mitambo ya oksijeni imeongezeka kwa hospitali zetu tangu korona. Kama wewe ni fundi wa mitambo ya hospitali, ama unajaza mitungi, ama uko kwa kiwanda chenye pampu za aina hii, niandikie. Nataka kujua mnatumia grisi gani, mnanunua wapi, na ile oili ikishachoka inaenda kwa nani. Jina lako sitaliweka.